Tulikwenda Ngezi, Tukamsikia Bundi

Ukishaiacha Konde na kushika barabara ya Makangale, mikarafuu na migomba inakusindikiza kwa muda, kisha inakoma. Barabara inazama chini ya miti na jua linabaki huko juu. Dereva wa Coaster yetu alizima muziki bila kuombwa. Waliokuwa wakiimba taarabu viti vya nyuma nao wakanyamaza, lakini si kwa muda mrefu. Mmoja akapaza sauti: "Ndiyo hii Ngezi? Mbona inaanza bila hodi?"

Tulikuwa wanawake wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, wote wa Tanga, wengi wetu tumeshapita hamsini. Mzunguko ukiisha faida hugawanywa, na kila mtu anajua pa kuipeleka: ada, bati, harusi ya mtoto wa dada. Safari hii Mwenyekiti alikuja na hoja kwamba sehemu ya faida isigawanywe, itutembeze. Yakazuka maneno ya kikao kizima. Wako waliotaka Ngorongoro, wako waliosema wanyama wanatosha kwenye televisheni, na yuko aliyetaja Dubai akachekwa hadi akacheka mwenyewe. Mhazini akasema fedha iliyopo inafika Pemba na kurudi, na inabaki ya halua. Hapo mjadala ukafungwa.

Sisi watu wa Tanga Pemba ni jirani wa ng'ambo tu. Karibu kila mtaa una mwenye mjomba Wete au mkwe Chake Chake. Hata umeme wanaowashia taa kule unatoka kwetu, kwa waya uliotandazwa chini ya bahari mwaka 2010, na Bi Mkubwa wetu hakuacha kuwakumbusha wenyeji jambo hilo kila alipoona balbu inawaka mchana. Ila mkondo ule wa katikati si wa kuchezea. Kina chake kinapita mita 800, na boti ikishafika pale kila mtu anakuwa na dua yake. Mifuko ya kutapikia iligawiwa mapema. Walioidharau ndio walioitafuta kwanza.

Kina hicho nakitaja kwa sababu baadaye niliona ndicho kiini cha habari yote. Zamani za kale, bahari ilipopungua, Unguja iliungana na bara. Ukichimba historia yake unawakuta wanyama waliovuka kwa miguu. Pemba ilibaki peke yake, mkondo haukukauka. Kilichokuwa kule kililelewa kule, na kingine kilifika kwa mbawa au kwa mawimbi. Ndiyo maana kisiwa kidogo vile kina ndege wake, popo wake na hata mti wake.

Tulipanga nyumba Makangale, karibu na pwani, tukapika wenyewe. Hoteli za rasi ya Kigomasha tulizipita kwa nje. Moja ina chumba kinachoelea baharini, kitanda kiko chini ya maji, unalala samaki wakikutazama dirishani. Mhazini alisema kwa bei ile angetaka samaki nao walipe kiingilio.

Langoni mwa msitu alitupokea kijana mwongozaji, fimbo mkononi, darubini shingoni. Alianza na hotuba aliyoizoea. Msitu una hekta 1,400 na ushei. Ni mabaki ya msitu mkubwa uliokifunika kisiwa kabla ya mashamba. Umehifadhiwa tangu miaka ya 1950. Pemba ina ndege wanne wasiopatikana kwingine duniani: bundi wake, ninga wake, chozi wake, na kidege kimoja cha manjano chenye duara jeupe machoni. Majina ya Kilatini yalimtoka laini kuliko ya Kiswahili, na wala simlaumu. Wageni wake wengi hutoka Ulaya wakiwa na orodha mkononi, wakimwona ndege wanaweka alama, wanauliza mwingine yuko wapi. Alikuwa ameshafika kwenye aina za udongo Bi Mkubwa alipomkatiza.

"Mwanangu, huu si mbungo?"

Ulikuwa mbungo, unene wa paja, umejisokota kwenye mvule hadi usipoonekana.

"Ndio, bibi. Huu mbungo. Wageni huwa hawauulizi."

"Wataulizaje na hawajanywa juisi yake? Unazaa?"

"Unazaa sana. Lakini wanatuwahi kima."

Toka hapo hotuba ikafa na matembezi yakaanza. Kijana alifunika darubini akawa anaulizwa na anauliza. Mwale ulipoonekana kwenye bonde la maji, mwenzetu mmoja wa Pangani alieleza jinsi babu yake alivyofanyia milango kwa pongoo zake. Kijana akasema hata kwao hufanya hivyo, ila siku hizi watu wanataka mabati. Kwenye mtondoo walibishana kuhusu mbao za vyombo: za mtondoo na za mvule, ipi inastahimili maji ya chumvi zaidi. Mume wa mmoja wetu ni fundi wa madau, akapigiwa simu papo hapo, mtandao ukakataa. Kivumbasi kilikuwa kimeota pembeni mwa njia, mahali penye mwanga, na kila mmoja alikuwa na mafua yake aliyoyatibu kwa kukifukiza. Nimetembezwa kwenye hifadhi kadhaa katika maisha yangu, na mara nyingi mwenyeji anasema, mgeni anaitikia. Hapa mwenyeji alitoa kalamu akaandika.

Mti mmoja tu ulitushinda wote. Ni mnazi mwembamba, tuseme hivyo kwa kukosa neno, una pete kwenye shina na majani yaliyopangika juu. Wapemba wanauita mpapindi. Haumei popote duniani isipokuwa kisiwani humo, na ndugu zake wa karibu wako Madagaska. Sijui ulivukaje. Bi Mkubwa aliushika shina akasema, "Nawe umetoka mbali, pole," kisha akaendelea na njia.

Ndani zaidi tulikuta vyuma vya mashine ya zamani ya kupasulia mbao, mizizi imevikamata. Kabla ya kuhifadhiwa, Ngezi ilikatwa sana. Lakini mbao sizo zilizoumaliza msitu wa Pemba. Ulimalizwa na karafuu. Enzi za Seyyid Said miche ilipandwa Unguja na Pemba kwa amri, kwa mikono ya watumwa, na mwaka 1872 kimbunga kilipoilaza mikarafuu ya Unguja, Pemba ambayo haikuumia sana ndiyo ikashika biashara. Kila kilima kikafyekwa. Ukisimama leo njiani kati ya Chake na Wete, harufu tamu inayotoka kwenye mikeka ya karafuu zinazoanikwa ni ya msitu uliokatwa. Sisemi karafuu ni mbaya. Zimesomesha watoto wa Pemba na zinaendelea kuwasomesha. Nasema tu kwamba Ngezi imebaki kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi yake ni ya mchanga na maji, mikarafuu haikuitaka. Hakuna aliyeionea huruma mwanzoni.

Kima punju tuliwakuta juu ya mgulele, wekundu mgongoni, nywele zimewatimka kichwani. Kijana akasema hawa si wa asili ya hapa: waliletwa miaka ya 1970 kutoka msitu wa Jozani, Unguja, wachache tu, ili mbegu yao isipotee kama ingetokea balaa kule.

"Walikuja na boti ya saa ngapi?" akauliza mmoja.

"Sikuwapo, mama."

"Waulize kama walitapika."

Kuna mahali kijana alipunguza mwendo na sauti. Chini ya mti mkubwa palikuwa pamefagiliwa, pana vigae na kitambaa cheupe kilichopauka. Alisema ni mzimu wa watu wa vijiji vya jirani, huja kupasafisha kwa nyakati zao, na akatuomba tusipige picha. Hakuna aliyepiga. Mitandio ilirudishwa vichwani. Tanga na Pemba tuna sifa moja huko bara, kila mtu anaijua, na watu hututania kwayo kwenye mabasi. Nilitarajia angalau mzaha mmoja. Haukutokea. Mwalimu wetu mstaafu, ambaye mambo hayo huyaita ushirikina mbele ya hadhara, alivua viatu kabla ya kupita, na sikumwuliza kwa nini. Mimi naamini sehemu kama ile zimelindwa na hofu ya wazee kuliko karatasi yoyote ya serikali, na sioni aibu kuisifu hofu hiyo.

Tukitoka tulikaa langoni kunywa maji. Alipita mwanamke wa makamo, kichwani ana mzigo wa kuni za mvinje. Salamu ziliongozana, shikamoo na marahaba, kisha akatua mzigo akakaa nasi. Mwenyekiti akamwuliza kama kuni anazitoa msituni.

"Hapana, dada yangu. Huko hatukati. Hizi za shambani, tulipanda wenyewe."

"Na zamani?"

"Zamani mama yangu alikuwa anaingia hapo akitoka na mzigo kabla chai haijachemka. Mie nakwenda mbali. Sasa nyinyi mnalipa kuingia, mie nalipa kutokuingia."

Alisema akicheka, lakini Mwenyekiti hakucheka, na mimi sikucheka. Mtu akiandika kuhusu hifadhi huhesabu ndege na miti. Hatua za mwanamke huyu anazoongeza kila siku kutafuta kuni hazimo kwenye hotuba. Alieleza kwamba sehemu ya kiingilio hurudi kijijini, na akataja darasa walilosaidiwa, bila kulikuza wala kulidharau. Alichokitaka kwetu ni jambo lingine kabisa: tunafanyaje mkopaji akigoma kulipa? Kikundi chao kilikuwa kimevunjika kwa sababu hiyo. Mhazini alitoa daftari. Wakakaa hapo wawili hao hadi jua likainama, wakizungumza dhamana na faini, na sisi wengine tukaenda pwani ya Vumawimbi.

Kuhusu Vumawimbi sina mengi, maana pwani nzuri zinafanana kwenye maandishi. Mchanga mweupe, mrefu, msitu umeushukia hadi karibu na maji, ngalawa zimepandishwa, na watu karibu hakuna. Tuliingia baharini na madira yetu. Maji yakipwa, wanawake wa pale hutoka na vijiti kuchokoa pweza, na tulinunua wawili kwa ajili ya usiku. Tukawapika kwa nazi pamoja na shelisheli la kuchemsha, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini popo wa Pemba hawataki kuhama.

Sasa nije kwa bundi.

Kijana alitupa habari hiyo mapema: usiku hupeleka wageni kumsikiliza bundi wa Pemba, na wako waliovuka nusu ya dunia kwa ajili hiyo peke yake. Malipo ni ya ziada. Palikuwa kimya kidogo, kisha wote wakasema kwa pamoja. Kwetu bundi akilia juu ya paa kuna mtu atakufa, au kuna mtu ametumwa. Mwenzetu mmoja wa Chumbageni alisema yeye akimsikia hutia chumvi kwenye moto na kumtukana kwa jina la mama yake. Leo tumlipe? Tumtoe kwake huko mwituni, tumwendee, tumwite?

"Hamwiti," kijana alisema. "Mnamsikiliza tu."

"Na akijibu?"

"Atamjibu mke wake, mama. Hawa huimbiana."

Hilo la mke liliwavuta kidogo. Mwenyekiti akapigisha kura, kwa kuwa sisi kila kitu ni kura. Bundi alipita kwa wingi mwembamba. Yule wa Chumbageni alisema anakuja kwa sababu hawezi kubaki peke yake nyumbani, na iandikwe kwamba hakukubali.

Tuliingia baada ya isha. Msitu wa usiku ni mwingine. Miti uliyoijua mchana inakukana. Kijana alitaka tochi zizimwe na simu zizimwe, akatupanga mstari, kila mmoja akashika kanga ya aliye mbele. Nyuma yangu nilisikia Ayat al-Kursi ikisomwa kwa mnong'ono, ikifika mwisho inaanza upya. Komba akalia mahali fulani juu, ile sauti yao ya mtoto mchanga, na mstari wote ukavutana. "Komba huyo," kijana alisema. "Tunamjua komba," akajibiwa, "tembea."

Tulisimama mahali ambapo mikarafuu inakutana na msitu. Tukangoja. Kungoja bila kusema ni kazi ambayo kikundi chetu hakijawahi kuifanya, na mara mbili mtu alianza sentensi akaminywa mkono. Kisha akaja: *hu*. Sauti moja, fupi, ya chini. Kimya kirefu. *Hu* tena. Halafu upande wa pili, nyembamba zaidi, ikaitikia. Hakukuwa na kilio ndani yake, wala tisho. Ni mtu na mkewe wanaulizana kama mlango umefungwa.

Kijana alinong'ona kwamba ni mdogo, wa rangi ya kutu, macho ya manjano, na anakaa hata kwenye mashamba ya karafuu. Wachumaji humkuta akiwa amelala mchana. Basi hapo yule wa Chumbageni, aliyetaka iandikwe, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa iliyotufanya turuke: "Na hapa kwenu, akilia, mnasemaje?"

"Wazee husema kama mnavyosema," kijana alijibu. "Lakini mie nyumbani kwetu analia kila usiku, mama. Kama angekuwa anaua, tungekwisha."

Bundi walinyamaza baada ya hapo. Nasi tukarudi, na safari hii hakuna aliyeshika kanga ya mwenzake.

Siku ya kuondoka tulipitia mnara wa taa wa Ras Kigomasha, wa chuma, uliojengwa na Waingereza mwaka 1900. Ngazi zake ni nyembamba na magoti yetu si ya mwaka huo, kwa hiyo walipanda wachache wakarudi na ripoti: upande mmoja bahari tupu, upande wa pili msitu, umeziba rasi kutoka pwani hadi pwani, na ukiuangalia kutoka juu unaona ulivyo mdogo. Sentensi hiyo ya mwisho ni ya Mwalimu. Sikupanda mimi.

Kisha Kidike kwa popo. Nao ni wa Pemba peke yake, wakubwa, mbawa zikikunjuliwa zinakaribia mita 1.6, sura ya mbweha, shingo nyekundu. Walining'inia kwa mamia wakijipepea mchana kweupe na kugombana. Hapo kale walikuwa kitoweo, walipigwa kwa bunduki na kutegwa, hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walihofia wanakwisha. Wanavijiji wakaanza kuwalinda na kutoza wageni, na hesabu ya mwaka 2007 ilionyesha karibu 20,000 kisiwani. Mzee aliyetupokea alikiri alishawala ujanani. Tukamwuliza ladha. Akatazama juu, akatazama kitabu cha wageni, akasema amesahau.

Halua tulinunua Wete, nyingi kupita kiasi, na vikapu vya ukili vya kuibebea. Bahari ya kurudi ilikuwa tulivu, kwa hiyo Mhazini akafungua daftari kabla hatujaipoteza pwani ya Pemba. Alisoma mstari kwa mstari: boti, Coaster, nyumba, pweza wawili, kiingilio, mnara, popo. Alipofika "bundi", yule wa Chumbageni alinyoosha mkono.

"Mimi hilo silipi. Sikumwona."

"Hata sisi hatukumwona. Tumelipia kusikia."

"Na kura nilipinga."

"Ulipinga, nimeandika. Lakini ndiwe peke yako uliyeuliza swali."

Mwenyekiti akauliza kama kuna anayeunga mkono. Hakukuwa na mtu. Yule mama alifungua pindo la kanga, akahesabu noti zake taratibu, akazitoa, na kabla hazijapokelewa akauliza kama mwakani mpango ni kwenda wapi, kwa sababu amesikia kwamba Amani nako, milimani kwetu Usambara, kuna ndege wa usiku.